Umeona kasoro kwenye uwanja wa ndege: umwambie bosi, Mamlaka ya anga, mtunza siri, au uandike bila jina?

Mfuko wa saruji una kilo 50. Mzani wetu wa mizigo ulisoma 43.

Mfuko tuliuazima kwa fundi aliyekuwa akiziba nyufa za ukuta. Tukaupandisha mara tatu, na mara zote 43. Kabla ya hapo nilikuwa na shaka tu. Maboksi ya dagaa yaliyoandikwa kilo 20 yalikuwa yanataka vijana wawili kuyainua, na mtu aliyepakia ndege miaka tisa, kwanza Tabora kisha Kigoma, mgongo wake nao ni mzani. Abiria wa Kigoma hasafiri mikono mitupu: atabeba dagaa, dumu la mawese, migebuka mikavu. Wa Tabora ataongeza ndoo ya asali. Sasa piga hesabu. Mzani ukimeza kilo 7 katika kila 50, mzigo ambao karatasi ya rubani inasema ni kilo 1,000 unakaribia 1,160. Kwa karatasi hiyo rubani anakokotoa mwendo wa kuruka na namna ndege itakavyokaa hewani, tena kwenye uwanja ulio zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, saa nane mchana, joto likiwa limeifanya hewa kuwa nyepesi.

Ndege zote ziliruka na hakuna aliyeumia. Kwa hiyo jambo lenyewe halikuwa ajali, halikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote, na mimi ilinichukua wiki tatu kuamua pa kulipeleka.

Siku hizi nikipita uwanjani, vijana wa aproni, pale ndege zinapoegeshwa na kupakiwa, hunivuta pembeni na swali hilohilo. Mmoja aliniambia mwezi uliopita, "Mzee, nikiandika jina nitaitwa mnoko. Nisipoandika watasema ni majungu. Sasa nifanyeje?" Amesema kweli pande zote mbili. Milango ya kupelekea taarifa ipo zaidi ya mmoja, haifanani, na ufaao kwa rubani unaweza kumponza mpakiaji. Hapa nitaiweka bega kwa bega kama ninavyoijua.

Kwanza, ndege iko wapi?

Kama ndege bado iko chini, funga ukurasa huu. Umeona tairi limechanika, mlango wa mizigo haujakaa, mbuzi yuko kwenye njia ya kurukia, dumu la mawese limepasuka tumboni mwa ndege: mwambie kapteni, fundi au mnara sasa hivi, kwa mdomo, au kwa ishara za mikono ikibidi. Ripoti ni ya baadaye. Niliwahi kumwona kijana akiulizia fomu ilipo huku propela zimeanza kuzunguka. Nia yake ilikuwa nzuri, lakini ilibidi nimpigie kelele.

Yapo pia mambo yasiyo na hiari. Kanuni za kimataifa zilizojengwa juu ya Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa usafiri wa anga, zinatenganisha ajali, tukio kubwa na tukio la kawaida. Mtu akifa au kuumia vibaya, ndege ikiharibika sana au ikapotea, hiyo ni ajali. Ndege mbili zikiponea chupuchupu kugongana angani, au moto ukiwaka safarini, hilo ni tukio kubwa. Hayo yanaripotiwa kwa lazima na yana wachunguzi wake. Dash 8 ya Air Tanzania iliyoharibika wakati wa kuruka hapa Kigoma tarehe 9 Aprili 2012, waliokuwamo wote wakatoka hai, haikuhitaji mtu wa kujitolea kuitaja. Wala ATR 42 ya Precision Air iliyoangukia Ziwa Victoria ikienda kutua Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ambapo watu 19 kati ya 43 walipoteza maisha.

Tunachochagulia mlango ni kile kilicho chini ya hapo: mzani unaopunguza, kunguru na mwewe wanaozidi kila dagaa wanapoanikwa jirani, ndege mbili zenye majina ya redioni yanayokaribia kufanana, mfuko wa upepo uliochanika, fundi aliyeingia zamu ya pili bila kulala, kibali cha mnara ambacho rubani amekielewa sivyo kisha akajirekebisha mwenyewe. Mambo haya usipoyasema wewe uliyeyaona, hakuna chombo kitakachoyasema.

Bosi au Mamlaka?

Mlango wa karibu ni wa kampuni. Kampuni yoyote ya ndege inayojiheshimu ina ofisa wa usalama wa safari, fomu na namba ya simu. Sifa yake kubwa ni kasi. Ofisa wa kampuni anaujua mzani wako, anajua nani aliununua, na akitaka anaweza kuuondoa kesho asubuhi bila kuandikia mtu barua. Mamlaka haiwezi kasi hiyo, na haijaumbiwa hiyo.

Ila bosi wa kituo na ofisa wa usalama wa kampuni si mtu mmoja, na hapa vijana wengi wanachanganya. Mimi nilianza kwa bosi wa kituo, kwa mdomo, jioni, ndege ikiwa imeondoka. Akanijibu, "Tutaliangalia." Bosi wa kituo analaumiwa mizigo ikibaki na ndege ikichelewa. Mzani ukisema kweli, mizigo itabaki. Sikumwona mbaya wakati ule na simwoni mbaya leo, ila kumkabidhi habari ile ilikuwa kumwomba ajikate mkono. Kampuni niliyoitumikia ilikuwa pia na sanduku la maoni, limening'inizwa ukutani nje ya ofisi. Ufunguo wake ulikaa kwenye droo ya bosi huyohuyo.

Neno letu lenyewe nalo linatukwaza. "Usalama" kwa Kiswahili ni kuepuka ajali, ni walinzi wa getini, na ni wale jamaa wasiovaa sare. Mwambie kijana ampigie mtu wa usalama, atadhani unamtuma kwa hao wa tatu. Bora useme "ofisa wa kuzuia ajali", hata kama kibao cha mlangoni kwake kimeandikwa vingine.

Kasoro ya pili ya mlango wa kampuni haionekani kutoka Kigoma. Ilionekana Marekani, kwa gharama kubwa. Tarehe 1 Desemba 1974, Boeing 727 ya TWA, safari namba 514, ilikuwa inaukaribia uwanja wa Dulles nje ya Washington. Mwongoza ndege alitoa kibali cha kuukaribia uwanja. Marubani wakakielewa kuwa wanaruhusiwa kushuka moja kwa moja hadi kimo cha chini, ilhali mbele yao kulikuwa na mlima. Wakaugonga. Watu wote 92 walikufa. Uchunguzi ukaja kuonyesha kwamba wiki sita kabla, ndege ya United ilinusurika kwenye njia hiyohiyo kwa kutoelewana kulekule. Marubani wake walisema, na kampuni yao ikawaonya marubani wake wote. Ukiutazama kwa ndani, mfumo ule ulifanya kazi barabara. Tatizo ni kwamba onyo liliishia kwenye uzio wa United, na TWA hawakuwa na njia ya kulisikia.

Kwa hiyo kasoro inapokuwa ya kampuni, kama mzani wetu, mlango wa kampuni unatosha. Inapokuwa ya uwanja, ya anga au ya maneno ya redioni, ukiimalizia kwenye kampuni umewaonya wa nyumbani kwako tu. Mwewe hachagui nembo ya kwenye mkia.

Mlango unaofika kwa wote ni wa Mamlaka. Kwetu ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago, kilichoanza kutumika Novemba 2013, kinaitaka kila nchi mwanachama iwe na mfumo wa taarifa za lazima na mfumo wa taarifa za hiari, na huu wa hiari uwalinde wanaoutumia. Maneno mazuri. Lakini mtu haripoti kwa kusoma kiambatisho. Anamtazama anayepokea, kisha anajiuliza huyu anaweza kunifanya nini.

Wamarekani walilijua hilo mapema. Baada ya mlima ule, mamlaka yao ya anga, FAA, ilianzisha mwaka 1975 utaratibu wa taarifa za hiari na ikaahidi kutoadhibu. Marubani hawakuuamini. Anayekamata leseni yako kwa mkono wa kulia, utamwekaje kosa lako kwenye mkono wa kushoto? Mwaka 1976 kazi ya kupokea ikakabidhiwa NASA, wale wa safari za mwezini, kwa sababu NASA hawatoi leseni wala hawamfukuzi mtu kazi. Mfumo huo, unaojulikana kwa kifupi ASRS, umeshapokea taarifa zaidi ya milioni moja. FAA wanaulipia, NASA wanaushika.

Ukirudisha kipimo hicho Kigoma na Tabora, picha inageuka kwa namna ambayo sikuitarajia. TCAA ndiyo msimamizi wa kanuni, na TCAA hiyohiyo ndiyo inayotoa huduma ya kuongoza ndege. Mwongoza ndege aliye mnarani akiandika kosa lake na kulipeleka kwa Mamlaka, anampelekea mwajiri na mtoa leseni kwa bahasha moja. Rubani anampelekea mtoa leseni, lakini si mwajiri. Mpakiaji kama mimi hana leseni ya kunyang'anywa. Anachokiogopa ni ratiba ya zamu ya wiki ijayo, nayo inapangwa na bosi wa kituo. Mlango wenye hatari ndogo kwa mpakiaji ndio wenye hatari kubwa kwa mwongoza ndege. Kila ninaposikia semina ikisema "wote waripoti kwa njia moja", najua mtoa mada hajawahi kukaa aproni.

Siri au bila jina?

Hapa ndipo vijana wengi wanakosea, na mimi nilikosea pamoja nao. Tunadhani kuficha jina na kutunza siri ni kitu kimoja.

Taarifa isiyo na jina ni karatasi iliyodondoshwa. Nilidondosha moja kwenye lile sanduku: "Mzani wa mizigo ni mbovu, uangaliwe." Jiweke kwenye nafasi ya msomaji. Mzani upi, wa kaunta au wa mizigo mikubwa? Unapunguza au unazidisha? Tangu lini? Umejuaje? Hakuna wa kumuuliza. Kama anataka kuipuuza, nimemrahisishia. Kama anataka kuishughulikia, nimemnyima pa kuanzia.

Taarifa ya siri ina jina, lakini jina linamfikia mtu mmoja au wawili, linatumika kukupigia na kuuliza, kisha linaondolewa. Kule ASRS sehemu ya fomu yenye jina inakatwa, inagongwa muhuri wa tarehe na kurudishwa kwa aliyeandika, ibaki kwake kama risiti. Wanaosoma ni marubani, waongoza ndege na mafundi wazoefu, na kabla ya kuikata wanaweza kukupigia simu. Uingereza wana mfumo kama huo, CHIRP, ulioanza mwaka 1982, nayo inataka jina kwa sababu taarifa isiyo na mtu nyuma yake haithibitishiki. CHIRP ilikuja kupanuliwa hadi kwa mabaharia, na kila nikikumbuka jinsi tulivyokuwa tukijazana kwenye meli za ziwa hili nawaza kwamba wangepata kazi nyingi kwetu.

Lakini kuna jambo ambalo watu wa viwanja vikubwa hawalioni. Dar es Salaam unaweza kuficha jina ukafichika. Kigoma haiwezekani. Zamu yetu ilikuwa ya watu sita. Safari zilikuwa chache kiasi kwamba ukitaja siku umetaja safari, ukitaja safari umetaja zamu, na kwenye zamu kuna mmoja tu anayeandika "h" yenye mkia. Karatasi yangu isiyo na jina ilijulikana ni yangu kabla ya chakula cha mchana. Nikaambulia ubaya wote wa kuandika jina bila faida yake hata moja.

Kwa kituo kidogo, jina ndilo dogo kuliko yote. Tarehe, saa, aina ya ndege na uwanja ndivyo vinavyokuanika. ASRS wanalijua hilo: kwenye kumbukumbu zao za wazi siku ya mwezi haionekani, unabaki mwezi na mwaka, saa inakuwa kipande cha siku cha saa sita, na mara nyingi jina la uwanja linageuzwa kuwa herufi ZZZ. Msomaji anajifunza kwamba kwenye uwanja fulani, adhuhuri ya mwezi fulani, mzani ulipunguza. Hahitaji zaidi.

Kwa hiyo mlango wowote utakaouchagua, usiulize tu "Jina langu litafichwa?" Uliza, "Mtakapowaeleza wengine, mtaondoa tarehe na kituo?" Akishangaa swali, huyo bado hajawa mtunza siri, hata kama ana nia njema.

Je, mlango wa aina ya NASA tunao? Miaka yangu yote ya aproni sikuwahi kuona mtu wa Kigoma akipita kwenye mlango wa tatu usio wa kampuni wala wa Mamlaka. Kilichokaribia ni mtu: mwalimu wa zamani, kiongozi wa chama cha taaluma, kapteni mstaafu, mwenye kuaminika pande zote, ambaye unamweleza naye anaipeleka kama yake. Njia hiyo inafanya kazi mpaka siku mtu huyo anapohamia Mwanza.

Msamaha unafika wapi?

Kwa ufupi, kwa sababu uvumi ni mwingi. Kuripoti kwa hiari si kitakaso. Kwa Wamarekani, aliyewasilisha taarifa ASRS ndani ya siku 10 anaweza kuepushwa na adhabu ya FAA, lakini kosa lisiwe la makusudi, lisiwe jinai wala ajali, na asiwe amepatikana na hatia nyingine katika miaka mitano iliyotangulia. Sijasikia nchi inayomsamehe aliyepanda kwenye usukani amelewa kwa kuwa alijaza fomu.

Wadenmark wamenivutia zaidi. Mwaka 2001 walipitisha sheria iliyounganisha vitu tunavyodhani vinapingana: waongoza ndege walitakiwa kuripoti, wakiripoti hawaadhibiwi, na anayevujisha jina lao ndiye anayeadhibiwa. Taarifa zao zilipanda kutoka 15 kwa mwaka hadi zaidi ya 900. Anga la Denmark halikuharibika ghafla mwaka ule. Mambo hayo yalikuwepo siku zote, yakizungumzwa kwenye chai.

Kundi la WhatsApp

Nalitaja kwa sababu ndilo linalotumika kuliko milango yote. Ni la haraka, ni la Kiswahili, picha inaonekana, na unapata pole. Halina anayewajibika kufanya lolote. Ujumbe wako utanakiliwa na kufika kwa bosi wa kituo ukiwa umekatwa kichwa na miguu, na picha uliyopiga aproni inaweza kukuletea kesi nyingine kabisa. Litumie kuulizana nani yupo zamu.

Milango ikikaa pamoja

| Mlango | Kasi | Onyo linafika wapi | Anakurudia kukuuliza? | Nani ana sababu zaidi ya kuuogopa |
|---|---|---|---|---|
| Bosi wa kituo | Leo | Kituoni tu | Ndiyo, mbele za watu | Mpakiaji |
| Ofisa wa usalama, makao makuu ya kampuni | Siku chache | Vituo vyote vya kampuni | Ndiyo | Rubani na fundi, kiasi |
| Mamlaka, kwa hiari | Wiki au zaidi | Kampuni zote | Inategemea ulivyoandika | Mwongoza ndege |
| Mtunza siri asiye mwajiri wala mtoa leseni | Polepole | Kampuni zote, bila majina | Ndiyo, kisha anakusahau | Hakuna |
| Karatasi bila jina | Haijulikani | Kwenye droo | Hapana | Kila mtu wa zamu ndogo |

Jedwali linadanganya kidogo, kwa sababu linaonyesha kana kwamba unachagua mmoja tu. Kunguru wamezidi mwisho wa njia ya kurukia? Mwambie mnara leo, waendesha uwanja wapate habari leo, na taarifa ya hiari iende kwa Mamlaka, kwa kuwa kesho wataingia kwenye injini ya kampuni nyingine. Wewe ni rubani na ulichanganya kimo kwa kukielewa kibali sivyo, ukajirekebisha? Anza na ofisa wa kampuni, mwambie wazi kwamba unataka jambo lifike kwa marubani wa kampuni nyingine bila tarehe. Wewe ni mwongoza ndege? Kama kuna mwenzako wa chama unayemwamini, pitia kwake kwanza, kisha Mamlaka. Wewe ni mpakiaji na kasoro ni ya kifaa cha kampuni? Ruka kituo, piga makao makuu, toa jina.

Ningeulizwa niuchague mmoja kwa kituo kidogo cha magharibi, ningechagua wa jina kwa mtu wa mbali kuliko wa bila jina kwa mtu wa karibu. Umbali unakulinda kuliko ufichaji.

Maneno mawili ya kuandika

Mlango mzuri unaweza kuharibiwa na sentensi mbaya. Linganisha:

"Watu wa kaunta wanazembea, wanapitisha mizigo mizito kwa kujuana."

"Maboksi manne yaliyoandikwa kilo 20 yalihitaji watu wawili kuinuliwa. Tulipima mfuko wa saruji wa kilo 50, mzani ukasoma 43, mara tatu. Mzani uko kwenye sakafu iliyobonyea upande wa kushoto."

Ya kwanza ni kuchongea, na aliyesema mnoko atakuwa na haki yake. Haina kitu cha kurekebisha, ina mtu wa kuadhibu. Ya pili haimtaji mtu hata mmoja, lakini fundi akiisoma anajua abebe nini akija. Kama fomu ni ya Kiingereza na Kiingereza chako ni cha kuazima, andika Kiswahili. Ile ya kwanza niliyopewa mimi ilikuwa ya Kiingereza, nikaijaza kwa maneno sita. Kwa Kiswahili nilijaza ukurasa.

Na useme ulichofanya wewe. Mimi niliandika kwamba nilikuwa nimeujua uzito ule kwa mgongo wiki kadhaa na nilipakia hivyohivyo. Sentensi hiyo iliniuma kuiandika. Ndiyo iliyomfanya ofisa aniamini, aliniambia baadaye, kwa sababu mtu anayetaka kumchoma mwenzake haanzi kwa kujichoma.

Ule mzani

Baada ya karatasi ya bila jina kuniletea nuksi, nilipiga simu kwa ofisa wa usalama, makao makuu ya kampuni Dar es Salaam, kutoka sokoni Mwanga, mbali na masikio ya uwanjani. Nikataja jina langu lote. Mama aliyepokea hakuniuliza nani mkosaji. Aliuliza mfuko wa saruji ulikuwa mpya au umeshafunguliwa.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilirudi kwa fundi wa ukuta, nikaangalia: ulikuwa mpya, ushonaji wake mzima. Nikampigia tena. Siku nne baadaye alikuja mtu na mawe ya kupimia ndani ya sanduku la mbao, akapima mzani pale ulipokuwa, kisha akausogeza kwenye sakafu iliyonyooka akapima tena. Kwenye sakafu iliyonyooka, mawe ya kilo 50 yalisoma 49 na nusu. Mzani haukuwa mbovu. Sakafu ndiyo iliyobonyea, na sanduku la mzani lilikuwa limegusa ukuta, ukuta ukibeba sehemu ya uzito.

Bosi wa kituo alisimama nyuma yetu akitazama. "Kumbe ni sakafu," akasema, na nilisikia pumzi ikimtoka. Mama wa Dar alikuwa ameshavipigia vituo vingine vya kampuni viangalie mizani yao imekaa juu ya nini. Hakutaja Kigoma.